Mawazo Yanapomzidi Mtu: Tunayojifunza Kutoka Kilwa na Kwingineko



"Eko na mawazo mingi." Hakuna kutaniko la mashariki lisilojua maneno haya. Tunayasema juu ya mama aliyeacha kuja kwenye kwaya. Tunayasema juu ya baba anayekaa nje ya nyumba usiku wa manane wakati wengine wamelala, na juu ya kijana aliyekosa karo ya chuo na sasa hasemi na mtu. Tukishasema hivyo, mara nyingi tunanyamaza, kana kwamba tumetaja jambo lisilo na dawa. Au tunaongeza: "Aombe tu, aache kuwaza."

Tumeandika makala hii kwa sababu yapo mengine ya kusema na ya kufanya. Tutaeleza mawazo yanayozidi ni nini, kwa nini kumkataza mtu kuwaza hakumsaidii, na hatua gani zinaweza kufuatwa nyumbani na kanisani. Tunaanzia Kilwa, kwa kuwa huko swali ni gumu zaidi: mtu afanye nini na mawazo mabaya ikiwa jambo baya analoliwaza lilitokea kweli?

Kilwa, Oktoba 2004

Kilwa tunayoitaja si ile ya pwani ya Tanzania. Ni mji mdogo wa Haut-Katanga, katika teritwari ya Pweto, ukingoni mwa Ziwa Mweru, kilomita 350 hivi kaskazini mwa Lubumbashi. Ng'ambo ya ziwa ni Zambia. Watu wake wanaishi kwa uvuvi, kwa mashamba ya muhogo na kwa biashara ya kuvuka maji.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Siku iliyofuata jeshi la serikali liliurudisha mji mikononi mwake. Raia waliuawa, wengine walikamatwa na kuteswa, nyumba na maduka yakaporwa. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 waliokufa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi iliyoketi Lubumbashi haikumtia hatiani mtu hata mmoja kwa mauaji ya raia wa Kilwa. Ilibidi kungoja hadi 2017 ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ukatangazwa: serikali ilivunja haki za watu wale, na iwalipe waathirika wanane waliotajwa katika kesi, pamoja na jamaa zao, dola milioni 2.5 za Marekani.

Hatusemi kwamba kila mtu wa Kilwa anaumwa na mawazo. Wengi walilia, walizika, wakarudi ziwani na mashambani. Tunachosema ni kwamba mtu aliyepoteza jamaa yake namna ile, akakaa zaidi ya miaka kumi bila kusikia mamlaka yoyote ikitamka kwamba alidhulumiwa, ana sababu halali ya kuwaza. Makutaniko yetu ya Beni, Bunia, Uvira, Kalemie na Bukavu yana watu wengi wa namna hiyo. Ushauri wowote juu ya mawazo usioweza kusemwa mbele yao haufai kusemwa kanisani.

Kwa hiyo tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tumeutunga wenyewe, na hatumlengi mtu yeyote. Ni mjane wa mji kama Kilwa. Asubuhi ile yeye ndiye aliyemwambia mume wake aende akaangalie nyavu. Hakurudi. Sasa watoto wamekua, mmoja ameoa. Lakini kila usiku, taa ikizimwa, sentensi moja inarudi: "Kama nisingemtuma, angekuwa hai. Mimi ndimi niliyemwua."

Kufikiri na kucheua

Kufikiri ni zawadi. Mvuvi anayeangalia mawingu kabla ya kusukuma mtumbwi anafikiri. Mama anayehesabu faranga za unga na za daftari anafikiri. Kufikiri kwa namna hii kuna mwisho: mtu anafika kwenye uamuzi, anaamka, anafanya.

Kuwaza kunakozidi ni tofauti. Kunafanana na mbuzi anayecheua: chakula kilekile kinarudi mdomoni, kinatafunwa, kinashuka, kinarudi tena. Mbuzi anapata nguvu kwa kucheua. Mtu anayecheua mawazo anapoteza nguvu, kwa sababu swali analotafuna halina jibu: "Kwa nini mimi?" "Ingekuwaje kama...?" "Watu wananionaje?" Usiku unakwisha, na hakuna uamuzi uliofikiwa.

Alama ya kuyatofautisha ni rahisi. Jiulizeni baada ya nusu saa ya kuwaza: je, kuna kitu kipya nilichokijua, au kuna kitu nitakachokifanya kesho? Kama hakuna, hapo si kufikiri tena, ni kucheua.

Msomi mmoja wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza jambo hili. Mwaka 1989 alikuwa amewauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, jinsi wanavyofanya wanapohuzunika. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko kubwa la ardhi likalipiga eneo lile. Aliwauliza tena siku kumi baadaye, kisha baada ya wiki saba. Wale waliokuwa na tabia ya kucheua huzuni yao tangu kabla ya tetemeko ndio waliokutwa na huzuni nzito zaidi baadaye. Wote walipigwa na tetemeko lilelile. Tabia ya kucheua ilizidisha mzigo wa wengine.

Tusiligeuze funzo hili kuwa lawama. Kucheua mawazo si dhambi ya siri wala udhaifu wa akili. Ni njia ambayo akili inaishika ikidhani kwamba inatafuta suluhisho. Na kama njia yoyote ya miguu, kadiri inavyopitwa ndivyo inavyokuwa pana.

Kwa nini "usiwaze" haisaidii

Jaribuni jambo hili sasa hivi: kwa dakika moja, msimwaze mamba. Wazeni kingine chochote, ila si mamba. Wengi wenu mmeshamwona, na mkia wake.

Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake walifanya jaribio la namna hii Marekani, wakitumia dubu mweupe. Waliokatazwa kumwaza dubu walishindwa kumzuia asiingie, na walipopewa ruhusa baadaye walimwaza zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa kwanza. Akili inayolinda mlango ili wazo fulani lisiingie inalazimika kulikumbuka wazo hilo ili ilitambue.

Ndiyo maana mjane wetu akiambiwa "Mama, achana na hayo, ni ya zamani," anarudi nyumbani na mizigo miwili: wazo lenyewe, na aibu ya kushindwa kuliacha. Tukiongeza "ungekuwa na imani usingewaza," tumempa wa tatu. Baada ya hapo hatasema tena. Atatabasamu mlangoni pa kanisa, atajibu "tuko salama," nasi tutadhani amepona.

Sura ambazo mawazo mabaya huvaa

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, aligundua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni walikuwa na mawazo mafupi yanayopita haraka akilini, ambayo waliyaamini bila kuyachunguza. Kazi yake ikawa chanzo cha tiba inayotumika leo katika nchi nyingi. Sura za mawazo hayo zinajulikana, na ukishazijua unaanza kuzitambua zinapokuja. Tunataja tano tunazozisikia sana kwetu.

*Kujibebesha yote.* Mtu anachukua lawama ya jambo lililosababishwa na wengi. "Mtoto alikufa kwa sababu nilichelewa kufika kituo cha afya," wakati barabara ilikuwa imekatwa na mvua na dawa zilikuwa zimekwisha.

*Yote au hakuna.* "Biashara hii imeanguka, basi mimi si mwanaume." Kosa moja linakuwa jina la mtu mzima.

*Kusoma mioyo ya wengine.* "Mama mchungaji hakunisalimu, wote wanajua habari zangu." Huenda mama mchungaji alikuwa na homa.

*Kutabiri mabaya.* "Hata nikiomba kazi, watachukua wa kwao." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mtu anayetabiri hivyo kila mara haombi kabisa, na kutoomba kwake kunatimiza utabiri.

*Kuhukumu kwa niaba ya Mungu.* "Mungu amenitupa." Hii ndiyo nzito kuliko zote kwa waamini, kwa kuwa inafunga mlango ambao mtu angeutumia kutoka.

Tenganisha tukio na hukumu

Sasa turudi kwenye swali la Kilwa. Jambo baya lilitokea kweli. Je, tumwambie mjane wetu kwamba anafikiri vibaya?

Tusikie vizuri sentensi yake. Ina sehemu mbili. "Nilimwambia aende akaangalie nyavu, naye hakurudi": hilo ni tukio. Ni kweli, na halifutiki. "Mimi ndimi niliyemwua": hiyo ni hukumu. Hukumu hiyo si kweli. Aliyemwua ni yule aliyefyatua risasi. Mama alimtuma mume wake kazini kama alivyofanya asubuhi nyingine mia, bila kujua kitakachotokea. Akili yake leo inamshitaki kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Hapa ndipo penye kazi. Hatupunguzi tukio, hatusemi "si kitu," wala hatumwombi asidai haki. Kudai haki ni tendo, na lina mahali pake: mahakamani, kwenye tume, kwa mawakili. Tunachogusa ni hukumu ile ya uongo ambayo aliyeumizwa amejitolea mwenyewe, na ambayo mtesi anaifurahia, maana inamwondolea hatia.

Jambo hili lilijaribiwa hapa kwetu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la New England la Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 16, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia na waliokuwa na dalili nzito za mshtuko, huzuni na hofu. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipewa msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Katika vingine walipewa tiba ya kuchunguza mawazo: kikao kimoja cha mtu peke yake na vikao 11 vya kikundi. Wasaidizi walioviendesha walikuwa Wakongo, si madaktari. Walikuwa wamesoma angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, kisha wakafunzwa. Mafunzo yalirekebishwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuyashika.

Miezi sita baada ya vikao kwisha, katika vijiji vya msaada wa kusikilizwa wanawake 42 kwa kila 100 bado walikuwa na dalili nzito za huzuni au hofu. Katika vijiji vya kuchunguza mawazo walikuwa 9 kwa kila 100. Vita vilikuwa bado havijaisha katika sehemu hizo, na umaskini ulikuwa palepale. Kilichobadilika ni hukumu ambazo wanawake walikuwa wamejitolea, kama vile "ni kosa langu" na "sina thamani tena," na walizibadilisha wakiwa pamoja.

Benchi la Harare

Ukitoka Lubumbashi ukaenda kusini, ukavuka Zambia, utafika Zimbabwe. Huko Washona wana neno *kufungisisa*, maana yake kuwaza kupita kiasi. Watu wakiulizwa wanaumwa nini, hawasemi "huzuni ya kitabibu". Wanasema wanawaza sana, kama sisi.

Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alitafuta njia ya kuwafikia watu hao katika nchi iliyokuwa na madaktari wachache sana wa aina yake. Alianza na mama wazee 14, wale tunaowaita nyanya, katika mtaa wa Mbare mjini Harare. Walikuwa tayari wahudumu wa afya wa mtaa. Walifunzwa, kisha wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati. Mwenye mawazo anakaa pale, anasikilizwa, kisha nyanya anamwuliza: katika haya yote, tushike lipi kwanza? Wanachagua tatizo moja. Wanatafuta hatua moja inayowezekana. Mtu anakwenda kuifanya, anarudi kueleza.

Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573 kutoka zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za huzuni nzito zilibaki kwa watu 14 hivi kwa kila 100 waliokaa benchini, na kwa 50 hivi kwa kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Malawi na Zanzibar.

Tunalitaja benchi hili kwa sababu kila kutaniko letu lina mama wazee, lina kivuli cha mwembe na lina vibao vya kukalia. Kinachokosekana ni mafunzo, na uamuzi wa kuanza.

Eliya chini ya mti

Maandiko hayafichi jambo hili. Soma tena 1 Wafalme sura ya 19. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa, kisha vitisho vya Yezebeli vinamfikia. Anakimbia, anakaa chini ya mti jangwani na anaomba afe.

Angalia alivyotendewa. Kwanza hakuhubiriwa. Alilala, akaamshwa, akakuta mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Baada ya safari ya siku arobaini, pangoni Horebu, aliulizwa yuko pale kwa nini. Akajibu kwamba amebaki peke yake na anatafutwa auawe. Akaulizwa swali lilelile mara ya pili, naye akatoa jibu lilelile, karibu neno kwa neno. Huko ndiko kucheua: hata baada ya upepo, tetemeko na moto, sentensi haikubadilika.

Bwana hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa vitu vitatu. Alimpa kazi ya kufanya. Alimpa mwenzake, Elisha. Na alimpa hesabu: wako watu elfu saba ambao hawakuisujudia Baali. Tukio, kwamba anatafutwa auawe, lilikuwa kweli. Hukumu, kwamba yuko peke yake, haikuwa kweli. Ilikosea kwa watu elfu saba.

Hatua za kufuata nyumbani

Hatua hizi zinamfaa mtu ambaye mawazo yanamsumbua lakini bado anaweza kufanya kazi zake. Mwenye hali nzito zaidi asome pia sehemu ya hospitali hapo chini.

1. *Lisemeni wazo kwa sentensi moja.* Wazo lisilosemwa ni kama moshi ndani ya nyumba: liko kila mahali. Liandikeni, au mlitamke kwa sauti. "Ninawaza kwamba..." Maneno haya mawili ya mwanzo yanakumbusha kwamba hili ni wazo, bado halijathibitishwa.

2. *Ligaweni.* Sehemu gani ni tukio? Sehemu gani ni hukumu? Tukio lingeweza kushuhudiwa na jirani. Hukumu imeongezwa na moyo.

3. *Iulizeni hukumu maswali matatu.* Ushahidi wake uko wapi, na ushahidi wa kuipinga uko wapi? Wakati ule nilijua nini, si leo bali siku ile? Dada yangu angeniambia ana wazo hili, ningemjibu nini? Mjane wetu, akiulizwa la tatu, angesema mara moja: "Dada, si wewe uliyemwua." Basi ajiambie hivyo mwenyewe, kwa sauti, na aseme tena kesho.

4. *Tafuteni kitendo kimoja kidogo.* Kama wazo lina jambo la kufanywa, chagueni hatua inayowezekana wiki hii: kwenda kumwona mkuu wa shule juu ya karo, kumwomba radhi jirani, kuuliza mwanasheria wa haki za binadamu. Kama halina la kufanywa, semeni wazi: "Hili silimalizi kwa kuwaza."

5. *Lipeni wazo saa yake.* Badala ya kulikataza, liahirisheni. Chagueni dakika ishirini mchana au jioni mapema, si kitandani. Likija usiku, liambieni: kesho saa kumi na moja jioni. Saa ikifika, kaeni mliwaze au mliandike, kisha muamke mkafanye kazi ya mikono. Wengi wanagundua kwamba wazo lililoitwa kwa saa yake linakuja limepungua nguvu.

6. *Utunzeni mwili.* Eliya alilishwa kwanza. Mtu asiyelala na asiyekula hawezi kushindana na mawazo. Kutembea, kulima, kupiga kasia husaidia. Lutuku na kanyanga hulaza mtu upesi lakini humwamsha katikati ya usiku, na mawazo yakiwa mengi kuliko jana.

7. *Msikae peke yenu.* Kwaya, likelemba, kikundi cha akina mama, kisima: popote palipo na watu na kazi ya pamoja, kucheua kunapungua. Usiache kwenda kwa sababu huna furaha. Nenda bila furaha.

Na sala? Tunaomba, bila shaka. Lakini kuna sala inayocheua: mtu anarudia mashitaka yake mwenyewe mbele za Mungu kwa saa nzima, na anaamka mzito zaidi. Zaburi ya 42 na ya 77 zinatufunza nyingine. Mwimbaji anasema maumivu yake bila kuyapamba, kisha anaihoji nafsi yake, kisha anakumbuka kwa makusudi mambo maalum yaliyotendwa zamani. Ombeni kwa mpango huo: semeni, ulizeni, kumbukeni, nyamazeni.

Kwa wachungaji, mashemasi na mama viongozi

Mtu akiwajia na mawazo yake, sikilizeni kabla ya kujibu. Msikatishe kwa kisa chenu. Msiseme "wengine wana shida kuliko wewe." Msiseme "samehe usahau" kwa mtu ambaye hajapata hata nafasi ya kusema alichofanyiwa. Msikimbilie kusema ni pepo, na msimfungishe mtu asiyekula vizuri tangu mwezi uliopita.

Tunzeni siri. Katika miji yetu midogo jambo lililosemwa ofisini kwa mchungaji Jumatatu likisikika sokoni Jumatano, hakuna atakayekuja tena. Aliyefanyiwa ukatili asitajwe madhabahuni, hata kwa kumwombea, kama hakuruhusu.

Na msibebe peke yenu. Mchungaji anayesikiliza mazito ya watu kila siku naye anapata mawazo. Awe na mwenzake wa kumsikiliza.

Lini kwenda hospitali

Mpelekeni mtu kwenye kituo cha afya kama kwa wiki mbili au zaidi halali, hali, hafanyi kazi zake au haoni ladha ya kitu chochote. Kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kama kumbukumbu za tukio zinamrudia kana kwamba linatokea sasa. Au kama anakunywa pombe ili asiwaze. Wauguzi wapime pia malaria na upungufu wa damu, maana mwili mgonjwa unazaa mawazo. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, na Bukavu kuna SOSAME. Aliyepewa dawa asiziache kwa sababu ameombewa. Aulize kwanza aliyempa.

Kama mtu anasema ni heri afe, au anagawa vitu vyake na kuaga, mwulizeni wazi: "Je, unawaza kujiua?" Swali hilo halimpi wazo jipya, linamfungulia mlango. Msimwache peke yake. Ondoeni nyumbani dawa za panya, sumu za shamba, kamba na silaha. Mmoja abaki naye, mwingine atafute usafiri siku hiyohiyo.

Mwisho

Mjane wa mfano wetu hataamka asubuhi moja akiwa amesahau. Hatumwombei hivyo, maana kumkumbuka mume wake ni haki yake. Tunamwombea usiku ambao sentensi ile itakuja, naye aweze kuijibu: "Nilimtuma kazini. Sikumwua." Kisha ageukie upande wa pili alale, kwa sababu asubuhi ana muhogo wa kuanika, na kikundi cha akina mama kinamngoja.

Katika kila kutaniko yuko mmoja kama yeye. Jumapili hii, baada ya ibada, mtafuteni mkae naye.